Ameniacha, lakini hajaondoka mlangoni pangu

Assalaam alaykum Bi Mshauri,

Naandika nikiwa darini, saa saba za usiku, mwangaza wa simu nimeupunguza ili binti yangu asiamke. Nina miaka 31, mzaliwa wa Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni. Mtoto ninaye mmoja, wa miaka minane. Nyumba ninayokaa ni yangu. Marehemu baba alinipa nilipoolewa, kama ilivyo desturi yetu, na mume ndiye aliyehamia kwangu.

Nimeishi naye miaka tisa. Alikuwa na mkono mwepesi. Hakunipiga kila siku, nami watu wakiniuliza hali nilizitaja zile siku asizonipiga. Mwaka jana, mfungo mosi, akanipa talaka moja mbele ya ami yangu. Nikakaa eda ikaisha. Nikamshukuru Mungu, nikadhani nimepumua.

Hazikupita wiki mbili akaja akasema bado mimi ni mke wake. Ati alinirejea ndani ya eda, akatamka mbele ya rafiki zake wawili chomboni, wala hakuona haja ya kuniarifu. Tangu hapo, kila baada ya isha, anakuja kuketi kwenye baraza ya nyumba inayonielekea. Akichoka kuketi, anashika pete ya chuma ya mlango wangu na kugonga. Tatu, ananyamaza, tena tatu. Binti yangu huziba mdomo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili anainua vidole akihesabu. Simu nayo hailali. Usiku mmoja alinitumia jumbe za sauti kumi na nne. Katika baadhi analia. Katika moja ananiambia, "Nitakufanya hata ukijifunua uso hakuna atakayekutazama."

Riziki yangu ni mahamri na mbaazi. Nakaanga alfajiri, kisha napeleka kwenye mikahawa miwili na kwa vijana wa gatini. Mwezi uliopita aliingia uani karai liko motoni, akanivuta mkono, mafuta yakanirukia kutoka kiwiko hadi kiganja. Hospitali nikasema nimeteleza. Wiki mbili baadaye akanikuta kichochoroni, akalitoa sinia kichwani mwangu akalipindua. Yalikuwa mahamri themanini. Punda wawili wakaja wakaanza kula, na watu wakapita wakinisalimu kama kwamba nimeinama kuokota shanga.

Nilijipa moyo nikaenda kituo kimoja cha polisi. Aliyenisikiliza akaniuliza kama tuna mtoto pamoja. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi hayo ni ya mke na mume, wazee wapo." Hakuandika chochote.

Wazee wamekaa mara tatu. Mama yake ni khalati yangu, ndugu wa mama yangu baba mmoja mama mmoja. Kila mara yeye anaapa, khalati analia, tunakunywa kahawa tunaagana. Suluhu ya tatu ilidumu siku tisa.

Sasa juzi harusini nimekutana na mwanamke ambaye ni msaidizi wa sheria. Akaniambia kuna amri ya ulinzi ninayoweza kuiomba mahakamani. Tangu siku hiyo sipati usingizi. Mama ameniambia, "Ukimpeleka mtoto wa dada yangu kortini, umenizika ningali hai." Baba wa mtoto ni nahodha, na ndiye anayelipa ada ya mtoto, akifungwa tutakula nini? Na kama kweli alinirejea, si nitakuwa nashiza, mke anayemshtaki mumewe serikalini? Halafu hebu niambie, hiyo amri ya "asinikaribie" itatumika vipi Amu? Vichochoro vyetu watu wawili wenye mizigo hawapishani mpaka mmoja ageuke ubavu. Njia ya sokoni ni hiyo hiyo, ya msikitini ni hiyo hiyo. Na siku atakayopelekewa hiyo karatasi, usiku wake utakuwaje?

Nisaidie, Bi. Sijui nishike wapi.

Mama Binti, Langoni

(Tumebadilisha mambo mawili matatu ili mwandishi asitambulike.)

JIBU

Waalaykum salaam warahmatullahi, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale mtoto anapoinua vidole. Nitaparudia.

Kwanza nikwambie nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Umeniuliza kama uende mahakamani, lakini naona maswali matatu umeyafunga fundo moja. Je, mimi bado ni mke wake? Je, nitakuwa nimekata udugu? Na je, nitapata salama au nitakuwa nimechokoza nyoka shimoni? Tuyafungue moja moja, maana yakikaa pamoja hivyo yatakuziba pumzi.

Hilo la rejea ni la kadhi. Mimi si kadhi na sitakutolea fatwa. Unalolijua wewe, na analolijua yeye, ni kwamba talaka moja inampa mume nafasi ya kurejea eda haijaisha, na ikiisha hana njia ila ndoa mpya kwa ridhaa yako. Kwa hiyo kadhi atauliza alitamka lini, mbele ya nani, na siku hiyo eda yako ilikuwa imefika wapi. Hayo yana majibu, na una haki ya kuyapata kwa mtu mwenye mamlaka badala ya kuyasikia kwa mtu anayegonga mlango usiku. Mahakama ya Kadhi imo ndani ya Katiba yetu ya Kenya, ibara ya 170, na ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu ndiyo kazi yake. Ukienda, muulize pia kuhusu aya ya 231 ya Suratul Baqara, inayowakataza wanaume kuwarejea wake zao kwa nia ya kuwadhuru. Muulize kwa heshima, na useme yote, pamoja na karai.

Lakini hapa kuna jambo nililoona umelibeba bila kuhitaji kulibeba. Unadhani ni lazima kwanza ijulikane kama wewe ni mke au mtalaka ndipo uweze kuomba ulinzi. Sivyo. Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani, ya mwaka 2015, inamlinda aliyeolewa na aliyewahi kuolewa. Inamlinda aliyezaa na mtu, na inawalinda jamaa wa ukoo mmoja. Wewe milango yote hiyo unaingia. Hata siku kadhi akisema rejea ilisihi, neno hilo halimpi ruhusa ya kukuunguza mkono. Na hata akisema haikusihi, baraza ya jirani bado iko pale na miguu anayo. Ni mambo mawili mbalimbali, na unaweza kuyapeleka mahali pawili, moja kwa kadhi na moja kwa hakimu.

Jingine ulilolichukulia kuwa ndivyo ni kwamba amri hii ni kumfunga. Ombi la ulinzi si kesi ya jinai. Unakwenda mbele ya hakimu na hati ya kiapo, unaeleza yaliyokupata, naye akiridhika anamwandikia mwenzako mambo asiyoruhusiwa kufanya. Akiyaheshimu, analala kwake, anaamka, anatweka tanga kama kawaida. Akiyavunja, hapo ndipo anapotenda kosa, na adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi 100,000 au kifungo cha miezi 12, au vyote viwili. Mkono wako ulioungua ni habari nyingine. Hilo kwa lenyewe ni kosa la jinai, na ukitaka unaweza kulifuata kwa polisi na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha. Watu wengi huyachanganya haya mawili, na mama yako huenda anayachanganya pia. Umemweleza tofauti yake?

Na usidhani sheria inahesabu makofi tu. Kuvizia nyumba ya mtu kumo. Kumfuata njiani, kumpigia simu bila kikomo, kumtisha na kumharibia mali, vyote vimo. Kumzuia mtu asitafute riziki yake kumetajwa kama unyanyasaji wa kiuchumi. Kwa hiyo yale mahamri themanini usiyaache nje ya hati ukidhani ni jambo dogo la aibu. Andika idadi, bei yake, siku na kichochoro.

Sasa ushahidi. Uliposema hospitali kwamba umeteleza, ulifanya wanavyofanya wanawake wengi wenye mtu anayewasubiri nyumbani. Usijilaumu. Ila karatasi ya hospitali itasema hivyo na wakili wake anaweza kuinua. Dawa yake ni kulisema wewe mwenyewe kwanza, kwenye kiapo: nilisema hivi, kwa sababu hii. Unaweza pia kurudi kwa daktari umweleze ukweli aandike upya anachokiona. Kovu lipige picha. Jumbe za sauti usizifute, hata zile za kulia, na nakala uziweke kwenye simu ya mtu unayemwamini, maana simu ikivunjwa leo vimekwenda vyote. Wale waliopita wakikusalimu waliona. Huenda mmoja wao ana haya kama wewe na anangoja kuulizwa.

Kuhusu yule aliyekurudisha kwa wazee, sheria hiyo hiyo inamtaka polisi akupokee na akueleze njia ulizonazo, na una haki ya kuandikisha maelezo kwa askari mwanamke. Ukienda tena, uliza dawati la jinsia, na usitoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Lakini pia ujue kuwa mlango wa mahakama haufunguliwi na polisi. Unaweza kwenda moja kwa moja kwenye masijala ya mahakama hapo Lamu ukaeleza unachotaka. Yule msaidizi wa sheria wa harusini anaweza kukushika mkono katika kuandika.

Nimelipenda swali lako la vichochoro, kwa sababu ni swali la mtu anayeijua nchi yake. Ukiomba tu "asinikaribie", utaandikiwa mita ambazo Amu haina. Hakimu ana uwezo wa kuweka masharti yanayolingana na maisha yenu, lakini lazima umwonyeshe maisha hayo. Chora njia yako ya alfajiri, kutoka uani hadi gatini, na saa unazopita. Kisha omba kwa majina ya mahali: asiguse mlango wangu, asikae baraza ile inayonielekea, asiingie ua, asinisimamishe njiani wala kushika nilichobeba, asifike madrasa saa za kutoka watoto, asinipigie wala kunitumia mtu. Mkikutana kwenye njia ya msikiti akageuka ubavu akapita, hajavunja kitu. Sikufichi kwamba hapo kuna mwanya. Mjanja atasema "nilikuwa napita tu", na mtabishana. Ndiyo maana mlango na baraza ni bora kuliko mita, kwani aliyeketi hawezi kusema alikuwa anapita. Na kama nduguze au marafiki zake ndio watakaoanza kukugongea kwa niaba yake, mahakama inaweza kuwaingiza nao katika amri.

Ada ya mtoto nitaipitia haraka, kwa kuwa jibu lake ni jepesi kuliko hofu yake. Ubaba haufutwi na amri ya ulinzi. Katiba, ibara ya 53, inawapa wazazi wote wawili jukumu la mtoto, wawe wameoana au hawajaoana, na matunzo unaweza kuyadai mahakamani. Anaweza kulipa bila kukuona, na anaweza kumwona mtoto kwa mpango ambao haupitii mlangoni pako. Hatari iliyopo ni kuwa atagoma kulipa miezi ya mwanzo ili akukomoe. Una akiba ya miezi miwili? Kaka au ami anaweza kukushikilia?

Mama yako sasa. Sidhani anamtetea mpwa wake. Nadhani anaogopa kumpoteza dada yake, na mtu wa umri wake hana dada wa kuazima. Lakini nikuulize wewe, si yeye: katika vikao vile vitatu, nani alikuwa upande wako? Suratun Nisaa, aya ya 35, inataka mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwamuzi kutoka kwa jamaa za mke. Ninyi jamaa ni wale wale, na nahofia kwamba wote waliketi kama jamaa zake. Kama bado moyo wako unataka njia ya wazee, ipo, ila isiwe ileile. Apatikane mtu wa nje ya ukoo, ninyi wawili msikalishwe chumba kimoja, na masharti yaandikwe yatiwe sahihi. Udhaifu wake unaujua kuliko mimi. Uliuhesabu siku tisa, na mzee hana wa kumtuma usiku pete inapogongwa. Wapo wanaofanya yote mawili, wazee kwa ajili ya udugu na mahakama kwa ajili ya usiku.

Nimefika kwenye swali lako la mwisho, na ndilo zito. Siku mtu wa namna hii anapoletewa karatasi inaweza kuwa siku ya hatari kuliko zote, kwa sababu anaona kamba inamtoka mkononi. Na lile neno alilolisema juu ya uso wako mimi silichukulii kuwa hasira za usiku. Mwanamume aliyekwisha kukuvuta juu ya mafuta ya moto akitaja uso wako, mwamini. Kwa hiyo kama utaomba, mwambie hakimu maneno hayo hayo, herufi kwa herufi, uombe amri ya muda itolewe kabla yeye hajaitwa. Sheria inaruhusu hivyo pale penye hatari. Uliza atapelekewa lini. Usiku huo, na kadhaa baada yake, usilale wewe na mtoto peke yenu. Afadhali watu wazima wawili waje kwako kuliko wewe kuhama, maana nyumba ni yako na mahakama inaweza kuamuru ibaki mikononi mwako. Mlango wa ua utiwe komeo jipya. Alfajiri ya kukaanga, mtu awe nawe uani mpaka karai lipoe. Nambari 1195 haina malipo na inapokea simu za wanaodhulumiwa majumbani. 116 ni ya watoto. Ziandike kwa jina lisilomshtua akiishika simu yako.

Kuna na njia ya kuondoka kabisa, na huenda umeifikiria bila kuitaja. Kabla hujaitegemea, kumbuka kuwa Amu hutoki ila kwa chombo, na gati lile ni kazini kwake. Ukipanda boti kwenda Mokowe na mizigo, hujavuka nusu ya maji habari imemfikia. Kama ni safari, iwe ya mchana, na mtu wa kukusindikiza, na nyaraka zako na za mtoto zitangulie kwa mkono mwingine: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, hati ya nyumba. Nami najiuliza kwa nini uhame wewe nyumba ya baba yako. Lakini nakiri kuwa mtu anayejiuliza hivyo ni mimi niliyelala usiku kucha bila kugongewa.

Sitakwambia nenda, wala sitakwambia usiende. Wewe ndiye unayemjua akikasirika macho yake yanakuwaje, na wewe ndiye utakayeamka naye mtaa mmoja. Ninachokuomba ni kuwa, kabla hujaamua, ufanye mambo machache yasiyokufunga. Umtafute yule msaidizi wa sheria mkae saa nzima. Umwambie jirani mmoja tu ukweli wote, na mkubaliane ishara, hata ikiwa ni kugonga ukuta. Ununue daftari uanze kuandika siku na saa.

Na leo usiku, pete ikigongwa, mkalishe binti yako kifuani. Mwambie kuhesabu utahesabu wewe, tena kwa kalamu, na yeye hana kazi hiyo tena. Kisha niandikie, hata mstari mmoja, nijue mko salama.

Bi Mshauri